Tangi tupu si hitilafu ya injini

Mhariri,

Kila ndege ndogo inapotua kwa dharura shambani au ufukweni, habari inayotufikia kwanza ni kwamba injini ilipata hitilafu ikazima. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini kuna ajali ambazo injini haikuwa na kosa lolote: ilizima kwa sababu petroli ilikuwa imekwisha, au kwa sababu ilikuwa ikinyonya kutoka tangi lililokauka la bawa moja huku tangi la bawa la pili likiwa bado na mafuta. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mizigo kwa miaka mingi katika kiwanja kidogo cha ndege hapa pwani, nami naomba nafasi katika gazeti lako nilieleze jambo hili, kwa kuwa linatuhusu hata sisi tusiojua kurusha ndege.

Mwaka 2017 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa tahadhari kwa marubani wa ndege ndogo, ikieleza kwamba kati ya 2011 na 2015 ajali zilizotokana na kutosimamia vyema mafuta zilizidi 50 kwa mwaka kwa wastani. Zaidi ya nusu ya ajali hizo zilitokea mafuta yakiwa yamekwisha kabisa, na ubovu wa vyombo ulihusika katika asilimia 5 tu. Kubwa zaidi kwangu ni kwamba wanafunzi wa urubani walikuwa takriban asilimia 2 tu ya waliopatwa, ilhali karibu nusu walikuwa na leseni ya urubani wa kibiashara au ya juu zaidi. Sikushangaa sana, maana niliyaona kwa macho yangu: mwanafunzi hupima, mzoefu hukisia.

Msomaji atauliza, kwani ndege haina geji? Inayo, lakini tangi la bawa ni pana na halina kina, kwa hiyo boya linaloelea ndani yake hupanda na kushuka kila ndege inapoinama, na sindano nayo hucheza. Ndiyo maana rubani makini hupanda ngazi kabla ya safari, akafungua kifuniko juu ya bawa na kutumbukiza kijiti chenye alama, kisha akashuka na kukinga petroli kidogo chini ya bawa katika kikombe cha plastiki, akaiinua kwenye mwanga kutazama kama ina maji na kama rangi yake ni ile ya samawati inayotakiwa. Shughuli yote haizidi dakika kumi, na katika dakika hizo nimewasikia abiria wakisonya.

Adhuhuri moja ilitua kwetu ndege ya injini moja, abiria watatu wakashuka wakicheka na kupigana picha. Rubani wake alipanda ngazi, akatumbukiza kijiti katika tangi la kushoto, akakitoa. Kilikuwa kimelowa nchani tu, pengine upana wa kidole kimoja. Akakitumbukiza mara ya pili, kana kwamba mara ya kwanza kilimdanganya. Tangi la kulia halikuwa na nafuu. “Mzee,” aliniambia kwa sauti ya chini, “geji ilikuwa inasoma robo.” Kisha akaketi kivulini chini ya bawa, na soda aliyoletewa ikapata moto mkononi mwake. Abiria wake hawakujua lolote.

Alichokuwa amekisahau ni upepo. Tuchukue ndege inayokwenda kilomita 200 kwa saa katika safari ya kilomita 400, ambayo ni pungufu kidogo ya umbali wa Nairobi hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka. Hewa ikitulia, safari ni saa mbili. Ukiivumia upepo wa mbisho, kama mabaharia wetu wauitavyo upepo unaotoka mbele, wa kilomita 40 kwa saa, mwendo wake juu ya ardhi unabaki kilomita 160, na safari inakuwa saa mbili na nusu. Hiyo nusu saa iliyoongezeka ndiyo akiba nzima ambayo kanuni za Marekani zinamtaka rubani anayeruka mchana kwa kuona nje, bila kutegemea vyombo, awe nayo. Usiku ni dakika 45. Rubani aliyebeba akiba hiyo tu atafika akiwa hajavunja hesabu yake hata kidogo, lakini akiikuta njia ya kutua imezibwa na ndege nyingine, hana cha kusubiria.

Mfano unaojulikana duniani ni wa mwanamuziki John Denver, aliyeanguka na ndege yake ndogo katika ghuba ya Monterey, California, tarehe 12 Oktoba 1997. Ndege hiyo alikuwa ameinunua karibuni. Koki ya kubadilisha tangi ilikuwa imewekwa nyuma ya bega la kushoto la rubani, mahali asipoweza kuifikia bila kujipinda, na kabla ya kuruka alimwambia fundi kwamba hahitaji kuongeza mafuta kwa kuwa angekaa angani kama saa moja tu. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipokuwa akihangaika kuigeuza koki hiyo alikanyaga pedali bila kukusudia, ndege ikamponyoka. Mwendesha bodaboda akiishiwa hugeuza koki akaiweka kwenye rizevu, na akikosa hata hiyo husukuma pikipiki hadi kituoni. Ndege ya Denver ilikuwa na koki, lakini haikuwa na pa kusukumia.

Sehemu yetu abiria iko kwenye mzani. Lita 100 za petroli ya ndege zina uzito wa takriban kilo 72, yaani mtu mzima mmoja, na ndege nyingi za viti sita haziwezi kujaza viti vyote, mizigo na matangi kwa pamoja. Nimetukanwa, tena na watu wazima wenye heshima zao, kwa sababu nilizuia sanduku moja au katoni ya samaki. Rubani kijana akisimama pembeni, mwenye safari akimfokea kwamba amelipa, kinachopunguzwa kimyakimya ni kile kisichoonekana kwa abiria, nacho ni mafuta. Anayepaswa kulaumiwa hapo si rubani peke yake, ingawa yeye ndiye mwenye neno la mwisho na alipaswa kulitumia.

Kwa gazeti lako nina ombi moja. Ajali ya namna hii ikitokea, mwandishi, kabla ya kuandika kwamba injini ilizima yenyewe, aulize ndege iliondoka na lita ngapi, nani alizipima, na kama alizipima kwa kijiti au aliisoma geji tu. Jibu lisipopatikana, habari iseme kwamba halijapatikana, na wachunguzi waachiwe kazi yao.

Karani mstaafu,
Malindi