Kwa wachungaji na wazee wenzangu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) hapa Nairobi

Bwana asifiwe sana.

Nina miaka 74, na kikao cha wazee nilishakiaga. Kura sina, ila kalamu bado ninayo.

Majuzi tulimzika mama mmoja wa parokia yetu. Jeneza likiwa bado garini, mchungaji alimnong'oneza mzee: "Alikuwa wa wilaya gani?" Yaani, kundi la nyumba za mzee yupi. Mzee akatoa simu, akafungua orodha ya michango, akapitisha kidole mpaka kwenye jina. "Amelipa hadi Machi." Hakuwa na lingine la kusema. Mama huyo alikuwa ameugua miezi saba, ghorofa ya nne, lifti hakuna.

Simwaibishi mtu. Mimi nilipowekwa wakfu 1986 nilikabidhiwa nyumba 23 na daftari. Kabla ya Meza ya Bwana nilizipitia zote nikipeleka kadi za kushiriki. Kadi ilikuwa kisingizio tu. Kazi ilikuwa kuketi. Ukiona sufuria ya uji imepimwa kwa watu wawili na watoto ni watano, huhitaji ripoti ya kamati. Nami nilikuja kuchoka. Mwaka mmoja niligawa kadi zote mlangoni mwa kanisa, nikatia tiki daftarini, nikaenda zangu. Baadaye nikaambiwa familia ya nyumba ya kumi na moja ilishafungasha ikarudi mashambani, baba amefutwa kazi tangu Februari. Tiki yao ilikuwepo. Nilimpa kadi mtoto wao.

Najua mtaniambia siku hizi kuna geti, kuna askari, na watu wanafika nyumbani saa tatu usiku wametoka kwenye matatu. Kweli kabisa. Mbona ajenti wa kodi ya nyumba anawapata?

Nguvu zetu zimeishia kwenye jengo. Harambee ya paa, ya maegesho, ya vyombo vya muziki. Na neno tunaloliandika juu ya bahasha ni Jitegemea! Mchungaji John Gatu, akiwa Katibu Mkuu wetu, alisimama Milwaukee, Marekani, mwaka 1971, akasema wamisionari na misaada yao wasitishwe kwanza. Wengi waliudhika. Yeye aliamini tunaweza kutunzana wenyewe. Sasa misaada ya Uskoti, walikotoka wamisionari wetu, tumeiacha, tukamwekea mheshimiwa mwanasiasa kiti cha mbele. Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya aliuhoji utawala wa chama kimoja kutoka mimbarini, wengi wakiwa kimya. Niambieni, mhubiri wa leo atalisema la namna hiyo akiwa chini ya mabati yaliyonunuliwa na waziri?

Wachungaji wangu, mnaoshika kiti cha kikao, fungueni kwa swali hili kabla ya taarifa ya mweka hazina: tangu tukutane mwisho, nani ameingia nyumba ya nani? Mara ya kwanza patakuwa kimya. Msikimbilie ajenda inayofuata. Na Yakobo aliposema mgonjwa awaite wazee, hakudhani wangekuwa hawajui njia ya kwake.

Nimemwomba karani anirudishie nyumba tatu, za chini, maana goti langu halitaki ngazi. Naanza Alhamisi saa kumi jioni. Askari wa getini nimeshamwachia jina.