Barua kwa somo yangu: usianze na katiba

Shangani, Mtwara

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kusini. Mimi mzima, nyumbani wazima, na msimu wa korosho umeshika kasi, kila bajaji utakayopanda ni habari za bei ya mnada. Barua yako nimeipata. Ulipoandika kwamba hapo chuoni uko peke yako mwenye ulemavu na hujui uanzie wapi kukusanya wenzako, iliniuma, ndiyo maana nimeshika kalamu leo leo.

Peke yako hauko, somo. Wewe unaonekana kwa sababu ya magongo, kama mimi. Lakini wapo wenye uoni hafifu wanaogombea kiti cha mbele na hawasemi kwa nini. Yupo mwenye kifafa aliyemwambia mtu mmoja tu bwenini. Yupo anayesikia kwa sikio moja. Hawajitokezi kwa sababu wamekua wakionewa huruma, na huruma inachosha.

Sisi huku chuoni kwetu hatukuanza na katiba ya chama wala uchaguzi wa mwenyekiti. Tulianza kwa kukaa. Jumamosi alasiri, kimbweta kilekile cha kusomea nje, anayetaka aje. Mwenzetu kiziwi akaanza kutufundisha lugha ya alama: majina kwanza, kisha salamu, kisha maneno ya darasani. Anatusisitiza kwamba uso nao ni sehemu ya lugha, kwa hiyo mtu akionyesha alama huku uso umekauka humrudisha mwanzo, bila kumwonea haya. Siku hizi wanakuja hata wasio na ulemavu, na mmoja wao ndiye anayekaa na huyo mwenzetu kiziwi kwenye vipindi kumwandikia anachosema mhadhiri. Si mkalimani, na hilo tunalisema wazi kila tukikaa na uongozi: mkalimani ni kazi ya kusomea na inastahili kulipwa. Wema wa rafiki hauwezi kushika nafasi hiyo.

Katika kukaa huko ndiko nilikojua mambo ambayo magongo yangu yasingenifundisha. Mwenzetu asiyeona anatumia kompyuta yenye NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini. Waliianzisha vijana wawili wa Australia, nao wenyewe hawaoni. Sasa CR, yaani kiongozi wa darasa, akipiga notisi picha kwa simu na kuzirusha kwenye grupu la darasa, ile programu haina cha kusoma, maana picha haina maandishi ndani yake. Tukaomba notisi zitumwe zikiwa zimechapwa. Haikugharimu shilingi, ila asingekuwepo yeye pale kimbwetani, nani angeliwaza?

La ngazi nalo nikusimulie, maana najua litakufaa. Jengo moja la madarasa lina ngazi tatu mlangoni, na hatimaye fundi akaletwa kuweka njia ya mteremko. Tukaenda na futi kamba kabla zege halijamwagwa. Kipimo kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili: ukipanda sentimita moja, uwe umekwenda mbele sentimita 12. Ngazi zile kila moja ina sentimita 15, jumla 45, kwa hiyo mteremko unataka mita 5 na sentimita 40. Fundi alikuwa amechora mita moja na nusu. Mwenye kiti mwendo angepanda pale kwa kusukumwa, na kushuka kwake kungekuwa hatari. Fundi mwenyewe alielewa haraka sana, akafuta mistari yake na kuanza upya. Nakwambia, hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kuulizwa kipimo hicho na mtu anayekihitaji.

Kariri kipimo hicho. Na isome Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, uende nayo kila mahali. Elimu na majengo yanayofikika vimo humo kama haki. Ukiingia ofisini na sheria mkononi, mazungumzo yanaacha kuwa ya kuombana.

Nilisoma habari za Ed Roberts wa Marekani, nikakukumbuka. Polio ilimpooza shingo kwenda chini akiwa na miaka 14. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kwa kuwa usiku alilala ndani ya mashine kubwa ya chuma ya kumsaidia kupumua, mabweni hayakumfaa, akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Wakafuata wengine, wakawa kundi, na kundi lile likaanza kudai njia na huduma, mpaka mwaka 1972 wakafungua kituo chao mjini. Idara ya serikali ya jimbo iliyowahi kumwona hafai kusaidiwa kwa sababu hataweza kufanya kazi, baadaye yeye ndiye akawa mkurugenzi wake! Kinachonigusa zaidi ni kile chumba cha hospitali. Kingeweza kuwa mahali pa kumtenga, wao wakakifanya baraza.

Kwa hiyo tafuta baraza lako. Weka siku na mahali ambapo kiti mwendo kinafika, usibadilishe, hata wakija wawili. Katiba itakuja mtakapotaka kiti kwenye serikali ya wanafunzi. Mkikwama, vyama vyenyewe vipo: CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, na SHIVYAWATA inayoviunganisha. Ila wasije kuwasemea. Waje kusimama nanyi.

Bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, likitoka nitakutumia nakala ya sheria iliyochapwa kwa herufi kubwa, maana kwenu hakika yupo atakayeihitaji. Ukiandika, niambie nani alikuja siku ya kwanza na kila mmoja alilalamikia nini. Likizo ukishuka Lindi, usiishie huko, panda gari uje hadi Mtwara, na uje Jumamosi.

Msalimie sana mama, mwambie mihogo na samaki wa Mikindani vinamngoja.

Ni mimi somo wako