Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2023

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha taarifa ya mwaka 2023 kwenu nyote mnaoishi kaskazini mwa Norway, Sweden na Finland. Madarasa ya Kiswahili ya watoto yaliendelea kila Jumamosi, rambirambi zilifikishwa kwa familia mbili zilizofiwa, na sherehe ya mwaka mpya ilifanyika Luleå kama mjuavyo. Sitakaa sana hapo, kwa kuwa lililotugawa ni moja, nalo ni uamuzi wa kamati wa Januari wa kuuhamisha mkutano mkuu kutoka Kirkenes, Norway, kwenda Tornio, Finland, bila kuwaalika wenzetu wanaosoma Murmansk, Urusi.

Nimepokea barua tatu za lawama, na moja inasema kwamba nimeisaliti shabaha ya chama. Naielewa hasira hiyo. Tamko la Kirkenes, lililoanzisha ushirikiano wa ukanda wa Barents kati ya nchi za Kaskazini na Urusi, lilitiwa saini tarehe 11 Januari 1993, na wengi mlitaka tuadhimishe miaka 30 palepale lilikozaliwa. Hata mimi nilitaka. Nimeishi Kirkenes miaka tisa, na kila siku napita kwenye vibao vya mitaa vilivyoandikwa Kinorwe na Kirusi; tena ni mimi niliyekwenda Storskog, kituo cha mpakani kati ya Norway na Urusi, kuwapokea wenzetu wale walipokuja mara ya kwanza, wakalala kwangu na nikawapikia mwenyewe. Mtu asiseme kwamba siwajali.

Lakini Urusi iliivamia Ukraine Februari 2022, na mwezi uliofuata nchi nyingine za Barents zikasitisha shughuli zao za pamoja nayo. Mmenikumbusha mara nyingi kwamba njia ya Storskog ilikuwa bado wazi. Ilikuwa wazi, ila lango kuwa wazi hakumpatii mgeni viza, na benki yetu ilikataa kupeleka nauli upande wa pili. Zaidi ya hayo, mmoja wa wanafunzi wale alinipigia simu usiku akaniomba nisimpelekee tena barua yenye muhuri wa chama, kwa sababu hakutaka kuulizwa maswali. Sikuweza kuyasema haya Januari bila kumweka hatarini. Sasa amemaliza masomo na kuondoka, na ameniruhusu niwaeleze. Ibara ya 9 ya katiba yetu inaipa kamati mamlaka ya kuchagua mahali pa mkutano, na sisi watano tuliyatumia kwa nia njema. Yaliyofuata mnayajua: Septemba Urusi yenyewe ilitangaza kujitoa katika Baraza la Barents, chombo cha ushirikiano huo, na mwisho wa Novemba Finland ikakifunga kituo cha Raja-Jooseppi, cha mwisho kilichokuwa kimebaki wazi kwa wasafiri kwenye mpaka wake wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi.

Tornio niliipendekeza mimi. Mpaka wa mwaka 1809 uliiacha nje ya Sweden, upande wa Finland, na leo mji huo na Haparanda, mwenzake wa upande wa Sweden, hata maji taka yao wanayasafisha katika mtambo mmoja. Hata hivyo, wakati wa korona mwaka 2020 uzio ulisimamishwa kwenye uwanja ulio kati ya miji hiyo, watu wakawa wanazungumza na ndugu zao huku wamesimama pande mbili za waya. Ujirani huu nao unahitaji kutunzwa, wala kuichagua Tornio hakukuwa kukimbia wajibu.

Linaloniumiza ni mahudhurio. Mwaliko ulisema saa nne asubuhi kwa saa za Finland, ambazo ziko saa moja mbele ya Sweden na Norway. Ilipofika saa nne tulikuwa 14 ukumbini, chupa tatu kubwa za chai zikiwa hazijafunguliwa. Waliolala Haparanda wakaja saa tano, tukafika 19. Akidi ni 22, hivyo hakuna lililopitishwa. Waliosafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Kirkenes walikuwepo, ilhali baadhi ya wanaoishi Tornio kwenyewe hawakutokea wala kutoa udhuru.

Ada nazo zinasikitisha. Kati ya wanachama 64, waliolipa ni 27, na deni la mwaka huu pekee ni kroner 22,200 za Norway. Waandishi wawili wa zile barua za lawama wamo katika orodha ya wasiolipa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kukutana mara nyingi zaidi, kuwavutia vijana na pengine kufungua tawi Rovaniemi. Fungu lililotengwa kwa ajili ya wageni wa Murmansk halijaguswa. Kroner 8,000 bado zimo, na sitaidhinisha zitumike kwa shughuli nyingine nikiwa katika nafasi hii. Mweka hazina atawasomea hesabu kamili, naye atapokea ada papo hapo.