Barua ya wazi: Mheshimiwa, maji moto ya Bogoria si maegesho

Mheshimiwa,

Pokea salamu zetu kutoka Loboi, kando ya Ziwa Bogoria, Kenya. Bila shaka picha za Jumamosi zilitoka vizuri, maana gari la wageni wako lilisogezwa hadi ukingoni mwa maji moto ili mvuke uonekane nyuma yao. Lilipoondoka, liliacha alama mbili za matairi zilizozama katikati ya utando wa mwani, na humo maganda ya mayai na chupa ya plastiki.

Huenda dereva alidhani utando huo ni uchafu. Basi nieleze tena, ingawa nilishakueleza tukiwa palepale ukaitikia kwa kichwa. Maji yanapotoka yakichemka hakuna rangi. Yakitiririka na kupoa hadi nyuzi 70 hivi, utando unaanza: manjano, chungwa, halafu kijani, laini kama malai ya maziwa. Ni viumbe hai, Mheshimiwa, na ni sehemu ya Urithi wa Dunia tangu 2011.

Kule Aisilandi, kisiwa cha Surtsey kilizuka baharini kwa volkano mwaka 1963. Mwani wa jamii hii ulipoota kwenye matundu ya mvuke, wataalamu waliufuatilia kwa makini, na mpaka leo hakanyagi mtu pale ila mtafiti mwenye kibali. Mche wa nyanya uliwahi kuota huko kwa sababu mtafiti mmoja alijisaidia ovyo. Uling'olewa. Wao wanang'oa nyanya, sisi tunaegesha Land Cruiser!

Ziwa nalo limepanda, limemeza lango la zamani na chemchemi kadhaa. Wengine wanasema ni mvua, wengine ardhi imesogea; mimi nadhani hata misitu iliyokatwa huko juu ina mkono wake. Kwa hilo sikulaumu. Lakini chemchemi chache zilizosalia ndizo karo ya wanangu. Mgeni akikuta tope lililovurugwa, mimi mwongozaji ndiye ninayeulizwa, si wewe.

Uliahidi njia ya mbao na kizuizi cha magari kabla shule hazijafungwa. Zimefungwa, zikafunguliwa, zimefungwa tena. Kama mbao ni ghali, acha mbao. Mawe tunayo, Bogoria ni mawe matupu, na mikono ya kuyapanga tunayo. Tukiyapanga bila ruhusa tutaambiwa tumevunja sheria ya hifadhi. Tuandikie barua moja yenye muhuri. Moja tu, Mheshimiwa, kabla ya msafara mwingine.

Wako mtiifu bado,
Mwongozaji watalii, Loboi