Bei ya Pontiac ya Kampemba haikupimwa

Bwana Mhariri,

Wiki iliyopita mliandika kwamba Pontiac GTO, gari la Kimarekani la mwaka 1965 lililoko Kampemba, hapa Lubumbashi, ingefikia bei za minada ya Marekani, kwa kuwa rangi yake inang'aa na moteri inaunguruma. Nililikagua gari hilo kwa ombi la mwenyewe, naye ameniruhusu kuandika.

Katika miaka ya 1964 na 1965 GTO haikuwa modeli ya kujitegemea, bali LeMans, modeli nyingine ya Pontiac, iliyoagizwa pamoja na vifaa vya ziada, hivyo namba ya shasi ya 1965 huanza na 237 kwa zote mbili. GTO ilipata 242 yake mwaka 1966 tu. Nembo ya GTO nayo si ushahidi, kwani hununuliwa dukani. Ikabidi tutafute herufi mbili zilizopigwa mbele ya bloku ya moteri, upande wa abiria, tukazisafisha kwa kitambaa chenye petroli (brashi ya waya hula alama), zikaonekana WT: moteri ya lita 6.4, gia za mkono, kabureta moja, nguvu za farasi 335. Ni moteri ya GTO kweli, ila haithibitishi kwamba ilizaliwa ndani ya gari hilo. Jibu limo katika karatasi za kiwanda, ambazo Pontiac Historic Services huuza nakala zake.

Rangi nayo inaficha mengi. Sumaku ilishika vizuri mlangoni, lakini nyuma ya gurudumu la nyuma ikateleza na kuanguka, maana pale si bati, ni mastiki tupu ya kuzibia. Na tulipoinua zulia la buti tulikuta sakafu imezibwa kwa kipande cha bati la kuezekea, migongo yake bado ikionekana.

Hata minadani si rangi inayoleta bei: Mustang ya 1968 aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen sinemani iliuzwa Kissimmee, Florida, Januari 2020, ikiwa imechakaa na bila kupakwa rangi upya, lakini ikiwa na barua ya McQueen ya 1977 akiomba kuuziwa. Nyundo iligongwa kwenye dola 3,400,000. Magazeti yakaandika 3,740,000, kwa sababu mnunuzi huongeza ada ya mnada, ambayo muuzaji haioni kamwe. Nanyi mlichukua bei zenye ada mkamhesabia mzee wa watu, bila kupunguza gharama za usafirishaji hadi bandarini wala za kazi ya bati.

Mwenye gari ameagiza nakala ya karatasi za kiwanda. Hadi zifike, naomba bei ile isirudiwe gazetini, kwani tayari wanawe wameanza kuigawana.

Fundi wa magari, Lubumbashi