Kwa dada wa sweta la kijani, Mwanjelwa

Dada, jina hata sikukuuliza. Asubuhi ile ya baridi mdogo wangu, aliyekuwa amebakwa, alikuwa bombani, ndoo mkononi, anataka kuoga. Ukaipokea taratibu: "Usioge kwanza, mdogo wangu." Ukamvika sweta lako, nguo zake ukazitia kwenye mfuko wa kaki, si rambo, ushahidi usiharibike. Mimi nang'ang'ania PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya matibabu. Wewe ukaita bajaji ya hospitali, maana dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Shangazi (Mungu amsamehe) alitaka yaishe kifamilia, eti hakuna shahidi. Ukamjibu kwamba sheria inairuhusu mahakama kumwamini mwathirika hata akiwa shahidi peke yake. Pale polisi, Dawati la Jinsia, ulikaa naye hadi jioni. Sweta nimelifua, lipo. Asante sana, dada.