Kwa Nini Tunatoza Ada ya Mchoro na Hatushoni Katuni za Watu

Lalamiko linalotufikia mara nyingi zaidi katika karakana yetu ya Kariokor halihusu mshono kufumuka wala kazi kuchelewa, bali linahusu ada ya mchoro. Mteja huja na picha ya katuni kwenye simu, akitaka idariziwe kwenye mifarishi ya watoto, yaani mablanketi ya kitambaa yenye pamba ndani, atakayoiuza dukani kwake au mtandaoni, na anapoelezwa kwamba picha hiyo hatuishoni, ila tunaweza kumchorea nyingine kwa malipo, huondoka akiamini kwamba tunatafuta njia ya kumkamua. Juzi mmoja alituambia waziwazi kuwa sisi ni wezi wenye cherehani. Kwa kuwa si wa kwanza, tumeona tulieleze jambo hili kwa maandishi.

Katuni hiyo ina mwenyewe. Kenya imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1993, kwa hiyo mchoro uliochorwa Japani au Marekani hulindwa hapa Nairobi sawa na ule uliochorwa Kayole, bila mchoraji kulazimika kuusajili, na kwa kawaida ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kushona kwa mkono hakumpi mtu ruhusa. Ile hesabu inayozunguka sokoni, kwamba ukibadilisha asilimia 30 ya picha inakuwa yako, haimo katika sheria. Kinachotazamwa ni kama umechukua sehemu ya msingi ya kazi ya mwenzio, na sungura aliyebadilishiwa rangi ya kaptura bado ni sungura yule yule. Nembo za vilabu vya kandanda na za kampuni za viatu ni hatari zaidi, kwa sababu hizo ni alama za biashara, na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 inaruhusu faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja kwa kila bidhaa, au kifungo, au vyote viwili.

Njia ya mkato tunaijua, maana matokeo yake huturudia mezani. Mama mmoja mwenye duka la vitu vya watoto alikataa ada yetu, akapeleka kazi kwa fundi mwingine mwenye mashine ya kudarizi, akapata mifarishi yake kwa bei nafuu; alipoiweka kwenye soko la mtandaoni linalouza nje ya nchi, matangazo yake yakaondolewa, na mzigo ukabaki stoo. Alituletea tufumue katuni zile. Sindano ya mashine ya kudarizi hupiga mahali pamoja mara nyingi mno, hivyo ukishautoa uzi unabaki na kitambaa cha pamba kilichotoboka kama chekeche, na pamba ya ndani inachungulia. Ilibidi tukate viraka vya kitenge, tuvikunje kingo na kuvishonea juu ya kila tundu kwa mkono, kisha turudie mishono ya kushikilia matabaka matatu, na gharama yake ikazidi ada ya mchoro aliyoikataa. Kazi ile tunajivunia, ingawa hatutamani kuirudia.

Si kila kitu kina mwenyewe, na hapo pia tumewahi kulaumiwa. Mteja mmoja alikasirika kuona tumemshonea jirani yake mfarishi wa nyota yenye ncha nane kama wake, lakini nyota hiyo imeshonwa na watu wengi tangu zamani, na mbinu ya kuunganisha viraka haimilikiwi na yeyote. Vivyo hivyo kwa mtindo wa Tingatinga: Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania aliyeuanzisha, alifariki mwaka 1972, na kuchora ndege wenye rangi kali kwa mtindo wake ni ruhusa, ila picha fulani ya mchoraji aliye hai, iliyonunuliwa jana na mtalii, hatuinakili.

Vitambaa vyenye chapa vinahitaji jicho. Kitenge halali ulichonunua Biashara Street unaweza kukishona mkoba na kuuza, kwa kuwa hujanakili chapa yake. Hata hivyo, baadhi ya vitambaa vya katuni kutoka nje vimeandikwa ukingoni kwamba ni vya matumizi ya nyumbani tu, na wateja huukata ukingo huo kabla ya kutuletea, jambo ambalo linatufanya tuulize zaidi. Tafadhali leteni kitambaa kikiwa na ukingo wake.

Sasa ada yenyewe. Mchoraji wetu huchora upya, hujaribu rangi, hukata patroni ya karatasi na kushona kipande cha majaribio, na kazi hiyo ndiyo unayoilipia. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamishiwa kwa aliyeiagiza iwapo hapana makubaliano mengine, lakini sisi hatuachii jambo hilo hewani: tunakuandikia hati iliyotiwa saini kwamba mchoro ni wako, nawe unaweza kuusajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ukipenda. Ada hulipwa mara moja tu, hata ukirudi kuagiza mifarishi mingine kwa mchoro huo huo. Mwenye mchoro wake mwenyewe, au barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye katuni, halipi ada ya kuchora. Atalipa patroni na kushona peke yake.